Kuchagua Chaja Inayofaa Betri za Gari-Nyumba: Mwongozo kwa Wasafiri na Mafundi wa Nyanda za Juu Kusini

Magari yenye kitanda, jiko dogo na friji ndani yake si kitu kigeni kwenye barabara kuu inayotoka Tunduma, ikapita Mbeya, Makambako na Iringa hadi mteremko wa Kitonga. Mengine ni ya wageni wanaovuka bara kutoka kusini kwenda kaskazini, mengine yameingia yakiwa yametumika kutoka Japani, na mengine ni Land Cruiser au HiAce ambazo mafundi wetu wamezitengenezea vitanda na makabati kwa ajili ya watalii wanaokwenda Ruaha au Kitulo. Katika mwongozo huu yote nitayaita magari-nyumba. Kila moja lina betri ya pili, au betri kadhaa, ambazo hazihusiki na kuwasha injini bali hutumikia taa, friji, pampu ya maji na simu. Gari hilo likifika mahali penye umeme wa TANESCO au jenereta, huhitaji kifaa cha kuugeuza umeme wa volti 230 uwe wa volti 12 na kuuingiza kwenye betri hizo. Wamarekani hukiita konveta, kwa kuwa kwao kifaa hicho kina kazi mbili kwa wakati mmoja: kulisha vifaa vyote vya volti 12 gari linapokuwa limechomekwa, na kuchaji betri. Sisi huku husema chaja tu, na tofauti hiyo ya jina ina maana yake, nami nitaieleza katika hatua ya tano.

Ninafanya kazi ya umeme wa magari mjini Mbeya, na betri nyingi ninazoletewa zikiwa zimekufa hazikufa kwa uzee. Zimeuawa na chaja. Mara nyingi mwenye gari aliingia dukani akauliza swali moja tu, yaani chaja hiyo ni ya ampea ngapi (ampea ni kipimo cha mkondo wa umeme), akachukua kubwa kuliko zote ambayo fedha zake zilitosha. Ampea ni swali la tatu. La kwanza ni betri yenyewe, la pili ni volti, na mtu akiyajibu hayo mawili vizuri, swali la ampea hujibika kwa hesabu ya dakika mbili.

Hatua ya kwanza: ijue betri uliyo nayo

Fungua kisanduku cha betri usome maandishi yaliyo juu yake kabla hujaenda dukani, au yapige picha kwa simu. Unatafuta mambo matatu: aina ya betri, ukubwa wake kwa ampea-saa (yaani ampea inazotoa mara saa inazozitoa), na volti ambazo mtengenezaji anataka itumike kuchajiwa, ambazo kwa betri nyingi nzuri huchapwa ubavuni.

Kuhusu aina, lugha ya mitaani huleta utata. Tunasema betri ya maji kwa ile yenye vifuniko vya kuongezea maji, na hapo hatukosei. Lakini tunaposema betri kavu tunakusanya vitu vitatu tofauti chini ya jina moja: betri ya maji iliyozibwa tu juu, betri ya AGM ambayo asidi yake imenyonywa na mkeka wa nyuzi za kioo, na betri ya jeli ambayo asidi yake imegandishwa ikawa kama uji mzito. Hizi tatu hazichajiwi kwa volti zilezile, na ya jeli ndiyo dhaifu kuliko zote mbele ya volti kubwa. Aina ya nne ni lithiamu, na ile inayofaa kwa gari-nyumba ni ya fosfeti ya chuma, ambayo hutambulika kwa alama LiFePO4 na kwa wepesi wake, kwa maana mtu mmoja huibeba kwa mkono mmoja ilhali ya risasi, jina la pamoja la aina zote zilizotangulia, yenye nguvu sawa huhitaji watu wawili.

Ipo pia desturi yetu ya kufunga betri za malori, N70, N100 au N200, mahali ambapo ilitakiwa betri ya matumizi ya muda mrefu. Siilaumu sana, kwa sababu N200 hupatikana katika kila mji hadi Makambako, nayo ina ampea-saa 200 kwa kipimo cha saa 20, yaani ikitolewa polepole kwa saa 20. Ijulikane tu kwamba betri hiyo iliundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache na kujazwa tena mara moja. Ukiishusha hadi nusu kila usiku itachoka mapema hata kwa chaja bora kuliko zote, na kwa chaja mbaya haitamaliza msimu.

Hatua ya pili: chagua volti kabla ya kuchagua ampea

Hapa nitakaa kwa muda, kwa sababu ndipo palipo na makosa mengi.

Anayejaza gunia la viazi pale Uyole hafanyi kazi hiyo kwa mwendo mmoja. Kwanza humimina kwa ndoo, haraka haraka, mpaka gunia lionekane limejaa. Kisha hulitikisa na kuligonga chini ili viazi vishuke na nafasi zilizobaki katikati zijae, akiongeza kidogo kidogo. Mwisho hulishona. Chaja nzuri ya betri ya risasi hufanya hivyo hivyo. Katika hatua ya kumimina hutoa mkondo wake wote, na volti za betri hupanda zenyewe kadiri inavyojaa. Zikifika kiasi kilichowekwa, tuseme 14.4, chaja huzishikilia hapo na mkondo huanza kupungua polepole kwa saa kadhaa. Huko ndiko kutikisa gunia. Mkondo ukiwa mdogo sana, chaja hushuka hadi volti 13.5 au 13.6 ikabaki kutunza betri iliyojaa, na inaweza kuachwa hivyo kwa muda mrefu bila kuichemsha.

Konveta za zamani, zile zilizofungwa katika magari mengi ya Marekani kwa miaka mingi na ambazo bado zinazunguka zikiwa zimetumika, hazina hatua hizo. Zina volti moja tu, takriban 13.6 au 13.8, tangu mwanzo hadi mwisho. Mwenye gari huona taa zinawaka, huona mita inasoma zaidi ya volti 13, akaridhika. Lakini kwa volti hizo betri iliyoshuka hadi nusu huchukua zaidi ya siku nzima kukaribia kujaa, na msafiri anayechomeka gari jioni na kuondoka alfajiri hafiki hata karibu. Sehemu isiyojazwa haibaki tupu tu ikisubiri kesho. Sulfeti ya risasi, ambayo hujitanda juu ya bamba za ndani ya betri inapotumika, hugeuka fuwele ngumu ambazo chaji ya baadaye haiziyeyushi kwa urahisi, na kila wiki inayopita betri hupungua kina chake. Baada ya miezi kadhaa betri ya ampea-saa 200 huwa na uwezo wa betri ya 80, na mwenye gari hulaumu kiwanda.

Upande wa pili ipo chaja ya gereji, lile sanduku la chuma lenye transfoma kubwa, sindano moja ya kuonyesha ampea na swichi ya kuchagua 6, 12 au 24. Kifaa hicho kina heshima yake, na kabla umeme haujafika vijijini ndicho kilichokuwa kikichaji betri za redio za wilaya nzima usiku kucha kwa malipo madogo. Hakina kitu cha kuzuia volti. Fundi huketi karibu, huangalia maji yanavyochemka, akakata. Ukikiacha peke yake ndani ya gari-nyumba huku umelala, volti hupanda juu ya 15 au 16, maji hukauka, bamba huchubuka, na hewa ya haidrojeni inayotoka hulipuka kwa cheche ndogo tu. Hiyo ndiyo lumbesa ya umeme.

Kwa hiyo ukiwa dukani, uliza au soma volti za hatua ya pili ya kuchaji, yaani ile ya kutikisa gunia, na za hatua ya kutunza, kisha uzilinganishe na betri yako. Betri ya maji hutaka kati ya 14.4 na 14.8 katika hatua ya pili. AGM hutaka kati ya 14.4 na 14.7. Jeli isizidi 14.1 au 14.2 isipokuwa mtengenezaji wake ameandika vingine, kwa sababu volti zikizidi hufanya mapovu ndani ya jeli, na mapovu hayo hayarudi tena kuwa jeli. Kwa hizo zote, kutunza ni kati ya 13.2 na 13.8. Betri ya lithiamu hutaka kati ya 14.2 na 14.6, haihitaji kutunzwa kwa muda mrefu, na haitaki kabisa ile hatua ya nyongeza ambayo baadhi ya chaja huwa nayo, ya kupandisha volti hadi 15.5 hivi ili kusawazisha seli za betri ya maji. Hatua hiyo ni dawa kwa betri ya maji pekee, tena mara moja moja na vifuniko vikiwa vimekaguliwa. Kwa AGM, jeli na lithiamu ni sumu. Chaja inayojiwashia hatua hiyo yenyewe bila kukuuliza usiinunue kwa betri hizo tatu, hata ikipunguzwa bei.

Lipo jambo lingine la volti ambalo vitabu vya maelekezo hulitaja kwa mstari mmoja tu, lakini katika mikoa yetu lina uzito mkubwa, nalo ni joto la betri. Volti zote nilizotaja ni za betri yenye nyuzi 25. Betri ya risasi ikiwa baridi hutaka volti zaidi ili ijae, na ikiwa ya moto hutaka pungufu, kwa kadiri ya volti 0.024 kwa kila nyuzi moja katika betri ya volti 12. Huko tambarare watu huishi bila kulifikiria. Sasa chukua gari lililolala Kyela, karibu na Ziwa Nyasa, kwenye mwinuko wa mita 500 hivi, ambako kisanduku cha betri kinaweza kufika nyuzi 40 mchana. Kesho yake gari hilo hilo limepanda hadi uwanda wa Kitulo, kwenye mita 2,600, ambako katika Juni na Julai jalidi huonekana juu ya majani asubuhi na betri iliyofungwa chini ya gari huwa na nyuzi 5. Ukipiga hesabu, Kyela ilitaka volti 14.04 na Kitulo inataka 14.88. Chaja isiyopima joto itatoa 14.4 kote kuwili, ikichemsha betri kule chini na kuinyima kule juu.

Kwa sababu hiyo ninashauri kila anayesafiri katika nyanda hizi na betri za risasi achague chaja yenye kihisi cha joto, yaani waya mwembamba wenye kichwa kinachobandikwa kwenye betri yenyewe. Zipo chaja zinazopima joto la sanduku lao wenyewe badala ya joto la betri. Hizo ni afadhali kidogo kuliko zisizopima kabisa, mradi chaja na betri zikae mahali pamoja. Kwa lithiamu kihisi kina kazi nyingine: betri hiyo haijali sana joto likipanda au kushuka kwa wastani, lakini haifai kuchajiwa ikiwa chini ya nyuzi 0, kwa kuwa lithiamu hujiganda kama metali juu ya bamba na kuiharibu moja kwa moja. Betri nyingi za lithiamu zina saketi ya ulinzi inayokataa chaji katika baridi hiyo. Uliza kama yako inayo, na kama haina, ifunge ndani ya gari, si chini yake.

Hatua ya tatu: hesabu ampea

Betri ya maji huchajiwa vizuri kwa mkondo wa kati ya asilimia 10 na 20 ya ampea-saa zake. AGM hustahimili asilimia 30, na lithiamu kwa kawaida hustahimili nusu ya ukubwa wake. Betri ya maji ya ampea-saa 200, basi, hutaka chaja ya kati ya ampea 20 na 40.

Lakini linganisha pia na matumizi. Friji ndogo ya kompresa huvuta ampea 4 hivi inapofanya kazi, na kwa kuwa hupumzika zaidi ya nusu ya muda, kwa siku nzima hutumia takriban ampea-saa 40. Taa nne za LED za wati 5 kwa saa nne ni ampea-saa 7. Simu, kompyuta na pampu ya maji huongeza 12 au 13. Jumla ni 60 kwa siku. Betri ya risasi haifai kushushwa chini ya nusu, hivyo ile ya 200 ina ampea-saa 100 za kutumia, yaani siku moja na nusu hivi. Ili kuzirudisha, chaja ya ampea 40 humaliza hatua ya kumimina kwa saa mbili, kisha hutaka saa nyingine tatu hadi tano za kutikisa. Ukinunua ya ampea 80 utapunguza zile saa mbili za mwanzo tu. Saa za mwisho zinategemea betri, si chaja, na hakuna fedha inayozinunua. Ndiyo maana sioni faida ya chaja kubwa kupita kiasi kwa betri za risasi. Kwa lithiamu mambo ni tofauti, kwani hiyo hupokea mkondo wote karibu hadi mwisho.

Hatua ya nne: kagua umeme unaoingia

Geuza chaja usome kibandiko penye neno INPUT. Kama pameandikwa 220–240 au 100–240, hapana shida. Kama pameandikwa 100 au 120 peke yake, simama hapo hapo.

Nalisema hili kwa uchungu. Gari dogo la kulala lililotoka Japani lililetwa kwangu likiwa na chaja yake ya kiwandani, safi, ndogo, imefichwa nyuma ya kiti. Plagi yake ya nje ilikuwa ya miguu miwili bapa, nami nikatafuta adapta nikachomeka kwenye soketi yetu ya miguu mitatu. Adapta hubadilisha umbo la miguu tu, haibadilishi volti. Umeme wa nyumbani Japani ni volti 100, wetu ni 230, na ilichukua muda mfupi kuliko wa kuinama kufunga kamba ya kiatu kabla moshi haujatoka nyuma ya kiti. Niliilipa chaja hiyo mfukoni mwangu. Tangu siku ile gari lolote lililotoka Japani au Marekani sililichomeki kabla sijaona kibandiko kwa macho yangu.

Transfoma ya kushusha volti kutoka 230 hadi 110 inaweza kuokoa baadhi ya chaja hizo, lakini kwa konveta za zamani za Marekani zenye transfoma ya chuma haitoshi, maana hizo ziliundwa kwa umeme wa hezi 60 na wetu ni wa hezi 50, nazo hupata moto au hutoa volti zisizo sahihi hata zikipewa 120. Kwa gharama ya transfoma nzito, ushauri wangu ni kuing'oa konveta hiyo na kufunga chaja ya 230. Magari yanayotoka Afrika Kusini hayana tatizo hili, kwani umeme wao ni wa volti 230 na hezi 50 kama wetu. Kinachotofautiana ni plagi tu.

Anayetegemea jenereta ana hesabu ya ziada. Chaja ya ampea 40 inayotoa volti 14.4 hutoa wati 576, na kwa kuwa sehemu ya umeme hupotea kama joto, huvuta karibu wati 680 ukutani. Chaja za bei ya chini huvuta umeme huo kwa vishindo badala ya mfululizo, hata jenereta ikauona mzigo kama wa wati 1,000. Wakati huohuo injini ya jenereta hupungukiwa na pumzi kwenye milima, kama mtu aliyetoka pwani: kwa kila mita 300 za mwinuko hupoteza takriban asilimia 3.5 ya nguvu. Mbeya mjini, kwenye mita 1,700, jenereta iliyoandikwa wati 1,000 hutoa kama 800. Kitulo hutoa kama 700. Ndiyo sababu mgeni hulalamika kwamba jenereta na chaja zilizofanya kazi vizuri Dar es Salaam zimegoma Matamba, njiani kwenda Kitulo. Chagua chaja yenye uwezo wa kusawazisha mvuto wake, au yenye swichi ya kupunguza mkondo hadi nusu, au ununue jenereta kubwa zaidi.

Kuhusu umeme wa nyumbani, mahali pa kulala wageni palipo mwisho wa laini ndefu volti huweza kushuka sana jioni watu wanapopika. Chaja inayokubali upana wa 100–240 haitajali. Ile yenye transfoma ya chuma itatoa pungufu bila kukuambia.

Hatua ya tano: amua kama unataka konveta au chaja

Sasa narudi kwenye lile jambo la jina. Chaja ya kawaida hudhani kwamba betri iko peke yake. Ndani ya gari-nyumba betri haiko peke yake: friji inavuta, taa zinawaka, mtu anachaji kompyuta. Ikiwa vitu hivyo vinakula ampea 10, chaja ya ampea 40 inaiachia betri 30. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba chaja nyingi hutambua betri imejaa kwa kuona mkondo umepungua, na friji inayovuta muda wote huzifanya ziamini kwamba betri bado ina njaa, zikashikilia volti 14.4 usiku kucha. Nyingine hufanya kinyume, zikiona mkondo wa ajabu hujizima kwa kudhani kuna hitilafu.

Kwa gari linalokaa limechomekwa siku nyingi huku watu wakiishi ndani yake, tafuta konveta ya kisasa yenye hatua zote tatu, au chaja ambayo maelezo yake yanasema wazi kwamba inaweza kutumika kama chanzo cha umeme wakati ikichaji, na yenye kikomo cha muda kwa hatua ya pili. Kwa gari linalochomekwa usiku mmoja mmoja tu, chaja nzuri ya kawaida inatosha. Zima friji kwa saa moja ya mwisho kabla ya kulala, kisha iwashe.

Paneli za sola na alteneta ya gari ni vyanzo vingine vyenye vifaa vyake, na havichukui nafasi ya chaja hii wala chaja hii haichukui nafasi yake. Itoshe kusema kwamba vyote vitatu viwekewe volti zilezile za betri moja, vinginevyo kimoja kitajaza na kingine kitachemsha.

Hatua ya sita: funga kwa waya unaostahili

Chaja nzuri iliyofungwa kwa waya mwembamba ni chaja mbovu. Volti 14.4 zinazotoka kwenye chaja si zile zinazofika kwenye betri. Ikiwa chaja iko mita 3 kutoka kwenye betri, umeme husafiri mita 6 kwenda na kurudi, na kwa mkondo wa ampea 40 waya wa shaba wa milimita 10 za mraba hupoteza volti 0.42. Betri inaona 13.98, nawe umerudi kwenye mambo ya konveta ya zamani kwa bei ya chaja mpya. Waya wa 25 hupoteza 0.17. Bora zaidi, sogeza chaja iwe mita moja kutoka kwenye betri, kisha waya mrefu uwe ule wa volti 230, ambao haupotezi kitu cha kusumbua. Jihadhari na waya wa alumini uliopakwa rangi ya shaba. Ukwangue kwa kisu kabla hujalipa.

Weka fyuzi ya ampea 50 kwa chaja ya 40, karibu kabisa na ncha chanya ya betri, kwa sababu ukigusana waya, moto utatoka kwenye betri wala si kwenye chaja. Waya wa ethi wa plagi uungwe na bodi ya gari, na kwenye njia ya kuingilia umeme pafungwe swichi ya usalama inayokata uvujaji wa miliampea 30. Gari limesimama juu ya matairi ya mpira, na waya ukigusa bodi bila ethi, anayekanyaga majani yenye umande huku ameshika mlango ndiye atakayekuwa ethi.

Betri za maji ziwe na tundu la kutolea hewa nje. Chaja isikae juu yake.

Hatua ya saba: pima baada ya kufunga

Usimlipe fundi, hata kama fundi ni mimi, kabla hajakupimia. Mnahitaji mita ya volti na, ikipatikana, mita ya kubana waya inayosoma ampea za volti 12.

Tumieni betri usiku mzima mpaka, ikiwa imepumzika bila mzigo wowote, isome takriban 12.2, ambayo ni nusu. Washeni chaja mkiwa mmezima vitu vyote. Ampea ziwe karibu na zile zilizoandikwa kwenye chaja. Zikiwa nusu yake, kagueni waya na maungio. Pimeni volti kwenye ncha za betri, halafu kwenye chaja yenyewe, na tofauti isizidi 0.2. Baada ya saa mbili au tatu volti zifike kile kiasi cha hatua ya pili mlichokichagua, mkikumbuka joto la betri kama kuna kihisi. Baada ya saa nyingine kadhaa zishuke zenyewe hadi karibu 13.5. Zisiposhuka hadi asubuhi ingawa hakuna kinachovuta umeme, chaja imewekwa aina isiyo sahihi ya betri au betri ina seli iliyokufa.

Siku inayofuata chomoeni kila kitu, muiache betri ipumzike kwa saa nne au zaidi, kisha mpime tena. Ya risasi iliyojaa husoma kati ya 12.6 na 12.8. Kama ni ya maji, fungueni vifuniko mtumie haidromita, kile kipimo cha uzito wa asidi: kila seli isome karibu 1.265 au zaidi kidogo, na seli moja ikiwa chini ya wenzake kwa 0.05, tatizo ni la betri wala msibadilishe chaja. Maji yakipungua ongezeni maji ya betri, si ya bomba wala ya mvua, na si asidi.

Andikeni namba hizo zote, pamoja na tarehe na joto la siku hiyo, kwenye karatasi ibandikwe ndani ya kifuniko cha kisanduku cha betri. Fundi wa Njombe au Iringa atakayefungua kisanduku hicho mwaka kesho ataanzia hapo.